Mwaka Mume Wangu Alipojifunza Kutembea

Siku mume wangu alipovunjika mguu nilikuwa naweka kola kwenye shati la sare ya shule. Ilikuwa Ijumaa, mchana wa saa saba. Kola inataka utulivu. Ukikosea kidogo inapinda upande mmoja, na mtoto wa watu atavaa shati hilo mwaka mzima akionekana kama anasikiliza kitu begani kwake. Nilikuwa nimeinama hivyo hivyo nikasikia pikipiki mbili zikisimama mbele ya kibanda changu cha ushonaji, mtaani kwetu Kawajense. Sikuinua kichwa kwa sababu hakuna iliyokuwa ya kwake. Ukiishi miaka kumi na mitatu na mwendesha bodaboda, mlio wa pikipiki yake unaujua hata ukiwa jikoni na sufuria inachemka.

Walikuwa wenzake wawili wa kijiweni. Hawakuzima injini. Mmoja akasema, "Shemeji, funga kazi twende hospitali. Jamaa kaanguka. Ila anaongea."

Tangu siku hiyo nimesikia wanawake wengine wakiambiwa maneno hayo hayo, "ila anaongea," na sasa najua ndivyo madereva wanavyoanza kukupa habari mbaya. Siku ile sikujua, nikashukuru. Niliiacha sindano imechomwa kwenye kitambaa, nikamwomba jirani yangu muuza mkaa amwangalie mtoto wetu mdogo, nikapanda nyuma ya mmoja wao. Aliendesha polepole mno, kama amebeba mayai, na huo upole wake ndio ulionitia hofu.

Niseme kwanza mume wangu ni mtu wa namna gani. Ni Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga. Alikuja Mpanda mjini akiwa kijana kutafuta maisha, kama nilivyokuja mimi kutoka Karema, kule ziwani, kujifunza ushonaji. Tulikutana stendi siku nilipokuwa nimenunua cherehani yangu ya kwanza, ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake ya mbao. Madereva wengine walitaka kuibeba haraka haraka. Yeye aliizunguka kwanza, akaipima kwa macho, akaifunga kwa mipira ya matairi, kisha akaenda taratibu sana hadi nikaona aibu kukaa nimebebwa. Nilishuka nikatembea kando yake huku nimeishika meza. Tulifika Kawajense tukiwa tunajua habari za ukoo mzima wa kila mmoja. Alikuwa mtu wa mwendo wa taratibu. Ndiyo maana nilipoambiwa ameanguka, swali langu la kwanza lilikuwa kwa nini alikuwa anakimbia.

Hospitali nilimkuta amelala kwenye kitanda cha magurudumu, suruali imekatwa kwa mkasi, paja la kulia limevimba na kupinda mahali ambapo paja halipaswi kupinda. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa vumbi. Aliponiona alisema, "Mama watoto, suruali uliyonishonea wameikata."

Nilimwambia nitamshonea nyingine.

Habari niliipata vipande vipande kutoka kwa wenzake. Alikuwa amempakia abiria kutoka Misunkumilo, mzee mmoja mwenye duka la vitambaa pale mjini, ambaye alikuwa ametoka kuangalia shamba lake la mahindi. Helmeti ilikuwa moja tu, na mume wangu alikuwa amempa mzee. Mbuzi watatu walikatiza barabara. Wawili walipita, wa tatu akasita katikati. Mume wangu akamkwepa, tairi la nyuma likateleza kwenye kokoto, pikipiki ikamlalia mguuni. Mzee alitupwa pembeni, akavunjika mfupa wa bega. Helmeti ilipasuka kama kibuyu, lakini kichwa kilichokuwa ndani kilikuwa kizima.

Mzee huyo nilimfahamu. Vitambaa vyangu vya sare, bitana na vifungo, vyote nilikuwa nanunua kwake. Ni mtu wa kuongea kidogo, anayepima kitambaa akiongeza vidole viwili juu ya kile ulicholipia. Nilimhurumia. Nilimtumia salamu za pole kupitia mwanawe. Sikujua bado kulikuwa na jambo lingine.

Mume wangu alilazwa wodi ya wanaume. Mguu wake ulifungwa kamba iliyopita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, na kwenye kamba ukaning'inizwa uzito ili mfupa uvutwe ukae mahali pake. Daktari alisema wiki sita, asigeuke, asikae, avumilie. Wodi yenyewe wenyeji walikuwa wameshaibatiza jina la wodi ya bodaboda. Karibu kila kitanda kilikuwa na kijana na kamba yake, na wengi walikuwa wameumia mguu wa kulia. Ukiingia asubuhi uliona miguu imeinuliwa pande zote mbili kama watu wameambiwa wanyooshe wakasahauliwa.

Na kando ya kila kitanda kulikuwa na mwanamke: mke, mama au dada. Sisi ndio tulioleta uji na maji ya kuoga, na sisi ndio tuliobeba chombo cha haja. Mchana tulikaa nje kwenye kivuli cha ukuta tukisubiri saa ya kuona wagonjwa, na hapo ndipo nilipoelewa ajali ya pikipiki inaangukia watu wangapi. Mmoja alikuwa ameacha genge lake la nyanya likioza. Mwingine alikuwa amekuja kutoka bonde la mpunga wakati wa kupandikiza, na aliongea juu ya miche yake kama anaongea juu ya watoto aliowaacha kwa jirani. Mimi nilikuwa na mashati thelathini ya sare yaliyoahidiwa kabla shule hazijafunguliwa, na cherehani imefunikwa kwa khanga.

Pikipiki haikuwa yetu. Ilikuwa ya mkataba: unapeleka hesabu kwa bosi kila wiki mpaka muda uishe, kisha inakuwa yako. Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuja wodini, akaacha sukari na sabuni, akasema pole. Wiki iliyofuata nilimwona kijana mwingine akiendesha pikipiki ile ile sokoni, imenyooshwa, imepakwa rangi mpya. Sikumwambia mume wangu. Baadaye sana aliniambia kwamba alishaambiwa siku hiyo hiyo, naye akanificha mimi.

Mama mkwe alifika siku ya tano, na ndoo ya mchele kichwani na rozari shingoni. Alisimama mlangoni mwa wodi akamtafuta mwanawe kwa macho, na alipomwona aliweka ndoo chini na kukunja mikono ya gauni lake. Nilitaka kumsimulia yaliyotokea. Alinikatiza.

"Utanisimulia jioni," alisema. "Wewe nenda kashone. Huyu nilimwogesha kabla yako."

Mume wangu alifunika uso kwa shuka kwa aibu, na vijana wa vitanda vya jirani wakacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko mle ndani. Basi tukagawana. Asubuhi mama mkwe alikaa wodini, mimi nikashona. Mchana nilipika nikapeleka. Hata hivyo mambo yalivuja kwingine. Shule zilipofunguliwa, binti yetu wa darasa la tano alianza kuchelewa, kwa sababu yeye ndiye aliyemnywesha uji mdogo wake na kumpeleka kwa jirani. Siku moja nilimwona na lengelenge kwenye kidole gumba. Nilipomuuliza alisema, "Sufuria ilinichoma kidogo tu. Usimwambie baba." Nilimwekea mafuta, nikamshika kile kidole mpaka akaniambia, "Mama, sasa unakibana."

Wiki ya tatu mzee wa vitambaa alikuja wodini. Mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa cheupe, na mtu yeyote wa kazi yangu angeona kimekatwa kwenye jora zuri. Mama mkwe alimpa kiti akakataa. Alisimama upande wa miguu ya kitanda, karibu na ule uzito unaoning'inia, akauangalia badala ya kutuangalia sisi.

"Nimechelewa kuja," alisema. "Si kwa sababu ya bega. Bega lingeniruhusu wiki ya kwanza."

Tukasubiri.

"Siku ile nilikuwa nimechelewa swala. Nilimwambia kijana aongeze mwendo. Nilimwambia mara mbili. Mara ya kwanza alisema barabara ina kokoto. Mara ya pili nilimgonga begani, nikamwambia hivi wewe ni dereva au mchunga ng'ombe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei. "Watu wananipa pole, wanasema mbuzi, mbuzi. Mimi nimeona nije niseme mwenyewe mbele ya mama yake na mke wake."

Nilimtazama yule mzee, mkono wake, kofia yake safi ya kufuma, nikafikiria kidole cha binti yangu, na mashati, na miezi mitatu iliyobaki. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini. Najua tu kwamba lisingekuwa neno la kusemwa kwa mtu mzima.

Mume wangu akawahi. "Mzee," alisema, "ulichosema ulisema. Ila mkono uliovuta mafuta ulikuwa wangu."

"Nilikulazimisha."

"Ungeweza kuniambia niruke juu ya nyumba, nisingeruka. Nilikubali mwenyewe. Usiende na mzigo wote peke yako, niachie na mimi wangu."

Mzee aliinamisha kichwa. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni cha kuchanganya na Kipimbwe, alimwambia kwa upole, "Kaa, baba. Bega linachoka ukisimama." Safari hii akakaa. Mimi nilichukua ndoo nikaenda bombani, nikaifungulia maji ikajaa ikamwagika, nikalia kwa hasira mpaka hasira ikaisha na kikabaki kilio tu. Nilikasirika kwamba mume wangu amemsamehe mtu kabla mimi sijapata nafasi ya kumkasirikia vizuri. Kwa miezi mingi baadaye nilinunua vitambaa duka lingine, vibovu na kwa bei kubwa zaidi, na sikumwambia mtu sababu.

Wiki sita zilipoisha walipiga eksirei. Daktari aliinua picha dirishani akatuonyesha. Vipande viwili vya mfupa vilikuwa vimepitana, kama watu wawili waliopishana njiani bila kusalimiana. Alituambia bila kuzunguka kwamba inatakiwa oparesheni ya kuweka chuma ndani ya mfupa, na kwamba tuende Mbeya. Alitaja gharama kwa makadirio. Bima hatukuwa nayo. Kila mwaka tulikuwa tunasema tutakata baada ya mavuno.

Tulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani: kiwanja kidogo Misunkumilo, na tanuri la matofali tuliyoyafyatua sisi wenyewe. Yeye alikuwa akikanyaga udongo jioni akitoka barabarani, mimi nilibeba maji kutoka kisimani. Nilikuwa na ujauzito wa mtoto wa pili wakati ule, na tofali fulani lina alama ya mguu wa binti yetu aliyekanyaga kabla halijakauka. Nyumba ile nilikuwa nimeshaijua yote kichwani, hata mahali pa kuweka cherehani ili mwanga uingie kutoka kushoto.

Nilikaa kando ya kitanda nisijue nianzeje. Yeye ndiye aliyesema. "Uza."

"Labda tuombe kwanza kwa ndugu."

"Ndugu wameshatoa. Mama kauza mbuzi wake wawili anadhani sijui." Akanishika mkono. "Ningekuwa na njia nyingine ningekwambia tusubiri. Pole, mama watoto. Maji yale ulibeba wewe."

Niliuza, na matofali yake. Aliyenunua ni mtumishi mmoja wa serikali, kijana, na leo ana nyumba pale. Nikipita huwa naangalia kuta zake, si kwa uchungu sana. Naangalia tu kama naweza kuliona lile tofali lenye mguu. Nadhani limeingia ndani ya ukuta.

Wenzake wa kijiweni walichanga wakatulipia siti zote za nyuma za basi. Wanne walimbeba alfajiri, wakampandisha kupitia mlango wa nyuma, wakamlaza, wakamzungushia mito na magunia matupu. Mmoja wao, ambaye kijiweni ni mtu wa maneno mengi na matusi ya kuchekesha, alimfunga kamba za kiatu cha mguu wa kushoto akashuka bila kusema kitu. Njia nzima kupitia Sumbawanga nilikaa sakafuni kati ya viti, nimeshika paja lake kwa mikono miwili, na kila basi lilipopita shimo alikuwa ananiuliza kama nimeumia.

Mbeya tulikaa wiki mbili na siku kadhaa. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisa, ambaye sikuwahi kumwona maishani mwangu, alinipa kitanda kwake kwa sababu tu nilimkuta kanisani nikamuuliza maji ya kunywa yanapatikana wapi. Oparesheni ilienda vizuri. Siku ya kuruhusiwa daktari alimgonga mume wangu kwenye goti kwa kidole. "Mfupa nimeufunga," alisema. "Goti hili si langu, ni lenu. Likikaa bila kukunjwa litakakamaa, na chuma changu hakitakusaidia."

Tulirudi na magongo mawili. Na hapo, wakati watu wote walipoona mabaya yamekwisha, ndipo ukaja wakati mgumu kuliko yote. Mume wangu alikaa mlangoni kuanzia asubuhi, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, akiangalia pikipiki zikipita. Alizijua zote. Hakutaka mazoezi, alisema yanauma na hayana maana. Wenzake walipopita kumsalimia alijifanya amelala. Mtoto wetu mdogo, ambaye alizoea kubebwa juu juu, alikuja siku moja akamnyooshea mikono. Alimkaripia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mtoto hakulia. Alirudi nyuma hatua mbili akamwangalia, na mume wangu akageuza uso ukutani. Mama mkwe alikuwa ameshaondoka kwenda kuwahi mpunga wake. Nilitamani angekuwepo.

Mtaalamu wa mazoezi wa pale kwetu Mpanda alinipa wazo bila kujua. Nilimwambia mgonjwa wangu hataki kukunja goti. Akasema, "Ingekuwepo baiskeli ya mazoezi ningekuazima. Mtafutie chochote cha kukanyaga, mguu uende na kurudi."

Nilirudi nyumbani nikaiangalia cherehani yangu kama naiona kwa mara ya kwanza. Kesho yake asubuhi niliutoa mkanda unaounganisha gurudumu la chini na la juu, ili ukikanyaga gurudumu lizunguke peke yake na sindano ibaki imetulia. Nikamwita.

"Njoo ukae hapa."

"Nikushonee nini?"

"Hakuna cha kushona. Kanyaga tu."

Alifikiri namfanyia mzaha. Nilimwambia yale ya mtaalamu. Alikaa, akaweka miguu yote miwili, akasukuma. Mguu wa kushoto ulifanya kazi yote, wa kulia ulipanda na kushuka kama mgeni anayefuata nyimbo asizozijua. Baada ya dakika chache jasho lilimtoka puani. Nilimwekea kikombe cha chai pembeni nikaenda kufua, ili asilazimike kuvumilia mbele yangu. Tulifanya hivyo kila asubuhi kabla sijaanza kazi. Binti yetu akiondoka kwenda shule alikuwa anamuuliza, "Baba, leo umefika wapi?" Naye akajibu, "Leo nimefika Sitalike." Siku nyingine akafika Inyonga. Siku aliyosema amefika Karema kwa wakwe zake, nilikuwa nje naanika nguo, nikacheka peke yangu.

Kama wiki ya tano hivi aliniambia, "Nirudishie mkanda."

"Wa nini?"

"Nimechoka kuzungusha upepo."

Nilimpa karatasi ya gazeti kwanza, bila uzi, atoboe mistari. Halafu mabaki ya kitambaa cha kaki. Mafundi wengi wa cherehani mjini ni wanaume, kwa hiyo aibu yake haikuwa ya kushona. Ilikuwa ya kufundishwa na mimi. Nikisimama nyuma yake alikuwa anasema, "Usinisimamie kichwani." Nikikaa mbali anaita, "Sasa huu uzi mbona unajikunja?" Tuligombana sana mwezi ule, na nilifurahi, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa hagombani na mtu, alikuwa amenyamaza tu. Mstari wake wa kwanza wa kweli, kwenye pindo la kaptula, ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Nilimwambia hivyo. Akauangalia akasema, "Ni kama njia. Unaangalia mbele ya sindano, siyo sindano yenyewe." Miaka yote ninashona, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Lakini cherehani ni moja na sisi tuko wawili. Akishona yeye, nakaa mimi. Nilikuwa najiuliza nifanyeje, na jibu lilikuja kwa miguu. Mzee wa vitambaa alitokea kibandani kwangu asubuhi moja, bila kutuma mtu. Ilikuwa miezi mingi sijakanyaga dukani kwake, na wote wawili tulilijua hilo. Alisimama akatazama mume wangu anavyokanyaga, kisha akaongea na mimi.

"Mwanangu, barazani kwangu kulikuwa na fundi. Amehamia Sumbawanga, cherehani yake ameniuzia, iko stoo. Mimi majora siwezi kuyainua tena, bega linakataa. Wateja wanataka kitambaa na fundi mahali pamoja. Njooni mkae barazani."

"Kodi kiasi gani?" nilimuuliza, kwa ukavu.

"Mtanishushia majora kwenye shelfu. Hiyo ndiyo kodi."

Nilisema nitafikiria. Alikubali kwa kichwa, akageuka kuondoka, na nikaona jinsi anavyobeba bega lile, amelishusha kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi. Nilikuwa nimemkasirikia kwa muda mrefu bila kumwangalia vizuri. Nikamwita. "Shikamoo, mzee," nilimwambia, maana hata salamu nilikuwa sijampa. Akasimama akaitikia marahaba bila kugeuka, akiwa ameshika nguzo ya kibanda.

Tulihamia barazani mwanzo wa mwezi uliofuata. Mimi nakata na kushona magauni, yeye anashona kaptula na mashati ya shule, na ananipita kwa wingi. Asubuhi ninapanda kwenye stuli nashusha majora, mzee ananielekeza kwa mkono mzima. Wenzake wa kijiweni wanaleta makoti yao ya mvua yaliyochanika. Anapowarudishia, yeye humuuliza kila mmoja swali lile lile, "Helmeti ngapi?" Wanaobeba moja anawachelewesha makusudi. Mmoja alilalamika kwangu, "Shemeji, mumeo kawa trafiki." Wiki iliyofuata alikuja na mbili.

Mguu haukurudi kama zamani. Ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, na fundi viatu amemwongezea kipande cha tairi chini ya soli ya kulia. Chuma bado kimo ndani. Daktari alisema kinaweza kukaa, na sisi hatujauliza zaidi kwa sababu tunaogopa jibu litakalotaka safari nyingine. Pikipiki hapandi. Tukienda mbali tunachukua bajaji, na kwenye kokoto namwona anashika chuma cha pembeni.

Mwaka huu, wakati wa kuvuna mpunga, tulikwenda kwao. Gari lilitushusha barabarani, na kutoka pale kwenda nyumbani ni kupita juu ya kingo nyembamba za majaruba ya mpunga. Nilitaka tutafute mtu wa kutusindikiza. Alikataa. Alitangulia, watoto katikati, mimi nyuma na mizigo, na nilitembea nikiangalia kile kiatu cha tairi kikitafuta mahali pa kukanyaga. Mara moja aliteleza, mguu ukaingia kwenye tope. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha kabla hajageuka.

Mama mkwe alikuwa uwanjani anapiga mpunga na majirani. Alituona tukiwa mbali. Watoto walimkimbilia, akawapokea, lakini mwenyewe hakusogea. Alisimama na fimbo yake ya kupigia, amezungukwa na mabua, akamwacha mwanawe atembee njia yote mpaka pale alipo. Alipofika alimwambia akae juu ya gunia. Akaupakata mguu wake, akakunja suruali, akapitisha kidole juu ya kovu kuanzia juu mpaka chini, akisema maneno ya Kipimbwe ambayo niliyaelewa nusu. Majirani walikuwa wameacha kupiga. Kisha akaniuliza mimi, "Analala?"

"Siku za mvua halali vizuri, mama. Chuma kinamsumbua."

"Hata baba yake alikuwa halali siku za mvua," alisema, akishusha ile suruali na kuifuta tope. "Na yeye hakuvunjika popote. Mwambie asizoee kusingizia chuma."

Wote wakacheka, na mume wangu zaidi ya wote. Tulikula wali mpya na samaki. Nilipomaliza kuosha vyombo nilimkuta amelala juu ya mabua ya mpunga, jua la saa nane likiwa limemfikia miguuni, mtoto wetu mdogo amelalia paja lake la kulia. Nilifikiri kumwondoa mtoto ili asimlemee. Nikawaangalia kidogo, nikachukua khanga nikawatandazia kivuli, nikaenda kusaidia kupepeta.